Kwa nini mgonjwa hukimbilia muujiza

Bila shaka wayakumbuka mambo ya mwaka wa 2011. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka huo habari zilienea kote Afrika Mashariki kwamba huko Samunge, kijiji kilichoko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kulikuwa na mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri aliyekuwa akitibu kwa kikombe kimoja tu cha dawa. Jina lake lilikuwa Ambilikile Mwasapile, lakini wengi walimwita Babu. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba haingefanya kazi isipokuwa itolewe kwa mkono wake. Bei ya kikombe ilikuwa shilingi 500 za Tanzania, pesa ambazo wakati huo hazikufika shilingi 30 za Kenya. Magonjwa yaliyosemekana kupona ni yale yale yanayowatoa watu jasho: ukimwi, kansa, kisukari, pumu na shinikizo la damu.

Watu walifurika. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi nyikani mahali pasipokuwa na maji wala choo, hata mwishoni mwa Machi Mwasapile mwenyewe akaomba wageni wasitishe safari kwa siku kadhaa ili waliokuwa tayari njiani wahudumiwe kwanza. Mawaziri wa Tanzania walipigwa picha wakinywa. Wakenya nao walivuka mpaka kwa mabasi, matatu na magari yao wenyewe. Kuna wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini, wakafia njiani au kwenye foleni kabla ya kukiona hicho kikombe.

Ni rahisi leo kuwacheka waliokwenda. Wengine waliocheka baadaye ndio waliokuwa wakichanga nauli wakati ule. Lakini ukurasa huu ni wa afya, si wa vichekesho, na swali linalotuhusu ni hili: mtu mwenye akili timamu, aliyesoma, mwenye kazi mjini, hufikaje mahali pa kuamini kwamba kikombe kimoja chaweza kuondoa ugonjwa ambao daktari amemwambia ataishi nao maisha yake yote?

Kwanza tuseme kwamba dawa yenyewe haikuwa kitu kigeni. Mti uliotumiwa, ambao wenyeji wa Samunge waliuita mugariga, ni ule ule ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Waluo ochuoga na Wamaasai olamuriaki. Wengi wetu tuliolelewa mashambani tumekula matunda yake meusi tukiwa tunachunga mbuzi, na mizizi yake imetiwa ndani ya supu tangu zamani. Kama ungekuwa unaponya ukimwi, mchunga mbuzi yeyote angeligundua jambo hilo mapema. Kilichowavuta watu hakikuwa mzizi. Kilikuwa ndoto, na mkono wa mchungaji.

Isitoshe, Loliondo haikuwa ya kwanza. Mwaka wa 1989, huko Ssembabule nchini Uganda, mwanamke mmoja alipata umaarufu kwa udongo wa nyumbani kwake uliodaiwa kuponya ukimwi. Mwaka wa 1995 nchini Malawi, mzee aliyeitwa Billy Goodson Chisupe alisema ameoteshwa mti wa kutibu ukimwi, na watu kwa maelfu na maelfu wakaenda kijijini kwake kunywa kikombe, naye aliwapa bure. Ukiziweka hadithi za Chisupe na Mwasapile pamoja, utadhani ni moja: mzee wa kijijini, ndoto, mti, kikombe, umati.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa wanavijiji pekee. Mwaka wa 1990 ilikuwa ni taasisi ya utafiti hapa Kenya iliyoitangazia dunia dawa iliyoitwa Kemron, na Rais Daniel arap Moi akaizindua kwa shangwe. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwingineko hayakuona faida yake. Wanasayansi nao ni wana wa watu, hutamani habari njema kama sisi wengine.

MWILI NAO HUDANGANYA

Msomaji, kabla ya kuingia katika mambo ya dini, yafaa ujue kwamba wengi wanaosema wamepona hawasemi uongo. Wanasema walichokihisi. Tatizo ni kwamba kuhisi nafuu na kupona ni mambo mawili.

Chukua pumu. Mwaka wa 2011, mwaka ule ule wa kikombe, madaktari wa Boston nchini Marekani walichapisha utafiti mdogo lakini wa kufumbua macho. Wagonjwa wa pumu walipewa, kwa zamu, dawa ya kweli ya kuvuta, kifaa cha kuvuta kisichokuwa na dawa ndani yake, matibabu bandia ya sindano za Kichina, na wakati mwingine hawakupewa chochote. Walipoulizwa wanajisikiaje, waliopata dawa ya kweli walisema wamepata nafuu ya asilimia 50. Wale wa kifaa kitupu walisema asilimia 45, na wa sindano bandia asilimia 46. Karibu sawa! Wasiopewa chochote walisema asilimia 21. Lakini mapafu yao yalipopimwa kwa mashine, dawa ya kweli iliongeza nguvu ya kutoa pumzi kwa asilimia 20, na hizo nyingine zote kwa asilimia 7 hivi, sawa na kutofanya lolote.

Tafakari maana yake. Mgonjwa anayetoka kwenye maombi akisema kifua kimefunguka, huenda anasema kweli kabisa kuhusu anavyojisikia, huku mirija yake ya hewa ikiwa imebana vile vile. Na pumu inayobana bila mwenyewe kuisikia ndiyo inayoua usiku.

Jambo la pili ni mwendo wa ugonjwa. Maumivu ya mgongo, vidonda vya tumbo, baridi yabisi, pumu, yote hupanda na kushuka. Mtu hatafuti muujiza siku ambayo ana nafuu. Huutafuta siku amezidiwa. Baada ya siku ya kuzidiwa, mara nyingi huja siku iliyo afadhali, uende kwa mhubiri au ubaki nyumbani ukinywa uji. Aliyeombewa Jumapili akaamka afadhali Jumatano, sifa zitakwenda kwa Jumapili.

Ukimwi ndio wenye hila kuliko yote. Mtu akiambukizwa virusi na asipate dawa, kwa kawaida huchukua miaka minane hadi kumi kabla ya kuugua sana. Katika muda huo wote aweza kunywa kikombe chochote na kushuhudia kwamba ni mzima. Tena dawa nyingi zilizokuwa zikitumiwa mwaka wa 2011 zilikuwa kali. Zidovudini iliwapa watu kichefuchefu na upungufu wa damu, stavudini ikawatia ganzi miguuni, efavirenzi ikawaletea ndoto za kutisha. Sasa mtu huyo akinywa kikombe na kuacha vidonge, nini hutokea? Katika majuma ya kwanza kichefuchefu kinapotea, usingizi unarudi, chakula kinapita. Anajisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miaka miwili! Ataacha kuamini vipi? Huku ndani, virusi kwa kawaida huanza tena kuzaana katika muda wa majuma mawili hadi manne. Hilo halina dalili. Dalili huja baadaye sana, na zikija, hakuna anayekumbuka kikombe. Watu husema amerogwa, au alitenda dhambi tena.

Hilo si dhana tu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba waliokwenda Loliondo kutafuta uponyaji walilegea katika kumeza dawa zao za ukimwi.

Na la tatu, ambalo Wagiriki wa kale walilijua. Inasimuliwa kwamba Diagoras, mtu asiyeamini miungu, alionyeshwa hekaluni picha za mabaharia waliookoka baharini baada ya kuomba. Akauliza ziko wapi picha za wale walioomba wakazama. Jukwaani kwenye krusedi hupanda aliyepata nafuu. Aliyekufa mwezi uliofuata hana maikrofoni, na mjane wake hatasimama Jumapili kusema kwamba maombi hayakufaulu.

ALIYOFUNZWA MTOTO

Hayo yote ni ya mwili na ya hesabu. Lakini kwa nini mmoja akisikia habari za Loliondo hufunga safari na mwingine huguna tu akageuza ukurasa wa gazeti? Hapa ndipo malezi yanapoingia.

Mwaka wa 2014 watafiti watatu wa Marekani, wakiwemo Kathleen Corriveau na Paul Harris, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka mitano na sita. Watoto walisimuliwa hadithi fupi za aina tatu: ya mambo ya kawaida, ya kidini yenye muujiza wa Mungu, na ya ajabu za kubuni. Kisha wakaulizwa: je, mtu huyu aliishi kweli au ni wa kubuni? Hadithi ya kawaida iliwapatanisha wote, wakasema mtu huyo aliishi. Ile ya kidini iliwagawa kama ulivyotarajia. La kushangaza ni hadithi ya tatu. Watoto waliokwenda kanisani au waliosoma shule za kanisa walikuwa wepesi zaidi kusema kwamba hata mtu wa hadithi ya kubuni aliishi kweli, ilhali wale ambao hawakulelewa katika dini walimkataa.

Usikimbilie kusema kwamba dini huwapumbaza watoto. Utafiti huo hausemi hivyo, nami sisemi. Mtoto huyo hajapungukiwa na akili, ila amefunzwa kwamba jambo lisilowezekana kwa binadamu bado laweza kutokea, kwa kuwa yuko mwingine mwenye uwezo. Akishalikubali hilo, hana sababu ya kufunga mlango kwa hadithi moja na kuufungua kwa nyingine.

Sasa tazama mtoto wa Kenya anakulia nini. Wa Nyeri au Machakos, Jumapili asubuhi, yuko shule ya Jumapili akisikia habari za kiwete aliyesimama na kipofu aliyeona. Haambiwi kama ngano za sungura na fisi. Anaambiwa ni kweli, na anayemwambia ni mwalimu yule yule, au mama yule yule, aliyemfundisha kwamba moto huchoma na kwamba mbili na mbili ni nne. Mtoto hana njia ya kutenga hili na lile. Wa Mombasa au Lamu huenda aliumwa homa, akaletewa kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi mawaridi, akapewa anywe. Nyanyake alikuwa kando yake akimpapasa kichwa. Homa ikashuka, kama homa nyingi za watoto zinavyoshuka. Miaka 30 baadaye mtu huyo anasikia kwamba mahali fulani kuna kikombe kilichobarikiwa. Kwake hiyo si habari ngeni, ni jambo alilokwisha kulionja akiwa mtoto.

Kuna pia ushuhuda. Tangu uamsho wa kidini ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipofika Kenya mwaka wa 1937, makanisa yetu mengi yamejengwa juu ya desturi ya mtu kusimama na kusema alivyokuwa na alivyo sasa. Mtoto husikia mamia ya hadithi hizo kabla ya kufikisha miaka kumi. Hujifunza mtindo wake: nilikuwa gizani, nikaitwa, nikatoka. Ushuhuda hauna nafasi ya "nimepata nafuu kidogo, lakini narudi kliniki Alhamisi". Basi anapopanda jukwaani siku yake, hadithi huwa imekwisha kukatwa na kushonwa, yeye anaivaa tu.

Na kuna malezi yaendayo mbali zaidi. Baadhi ya Waakorino wa zamani, na hadi leo waumini wa Kavonokia huko Tharaka na Meru, walilelewa wakifunzwa kwamba kumeza dawa ya hospitali ni kumkana Mungu. Kwa watoto wa namna hiyo chanjo yenyewe huwa mtihani wa imani. Hawa ni wachache, lakini muuguzi yeyote aliyefanya kazi huko atakuambia jinsi kazi yake ilivyo ngumu.

Je, elimu haiyafuti haya? Wengi hudhani mtu akisoma viini na virusi, imani nyingine huondoka kama ukungu. Sivyo. Cristine Legare na Susan Gelman walifanya utafiti Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka wa 2008, katika jamii za Wasotho. Waliwakuta watu wanaojua vyema kabisa kwamba ukimwi huletwa na virusi, na papo hapo wanasema kwamba uchawi nao una mkono wake. Watu wazima walikuwa na maelezo yote mawili, yakikaa pamoja bila kugombana. Mwanazuoni Evans-Pritchard alikwisha kuliona hilo miongoni mwa Wazande wa Sudan, akaliandika mwaka wa 1937: ghala likiwaangukia watu, Mzande anajua kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale.

Daktari hujibu swali la mchwa. Mgonjwa wetu wa kansa ya matiti anauliza, kwa nini mimi, na dada zangu wote ni wazima? Kwa swali hilo daktari hana vidonge, na mchungaji ana kiti na muda wa kumsikiliza. Nasema hivi nikijua kliniki zetu za umma zilivyo: mgonjwa hukaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili za asubuhi, anaingia kwa daktari, na baada ya dakika tano yuko nje na karatasi. Kwenye maombi anaitwa jina lake, anashikwa kichwa, watu wanamlilia. Ningekuwa mhubiri mwenye tamaa, hapo ndipo ningelitega.

Na wenye tamaa wametega. Mwaka wa 2014 runinga moja ya Nairobi iliwafunulia watazamaji jinsi maji ya kuosha miguu ya waumini yalivyokuwa yakigeuka kuwa "damu". Ilikuwa ni potasiamu pamanganeti, ile chembechembe ya zambarau iuzwayo dukani, ambayo ikiguswa na maji huyafanya mekundu. Waumini walikuwa wakitoa sadaka ya shilingi 310. Hata baada ya kufichuliwa, watu hawakuisha ibadani.

MAOMBI NA HOSPITALI

Je, basi maombi hayana maana kwa mgonjwa? Utafiti mkubwa unaotajwa sana ni ule wa Marekani wa mwaka wa 2006 juu ya wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo. Kundi moja liliombewa bila kuwa na hakika, jingine halikuombewa wala halikuwa na hakika, na la tatu liliombewa likaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya kupasuliwa walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu. Huenda waliojua wanaombewa walidhani hali zao ni mbaya mno! Lakini utafiti huo ulipima maombi ya wageni walio mbali. Haukupima mke anayemwombea mumewe huku akimkumbusha dawa za saa mbili usiku, wala waumini wanaochangia pesa za mashine ya figo. Hayo yana faida ambayo yeyote aliyelala wodini anaijua.

Kanisa Katoliki lenyewe, ambalo haliwezi kushukiwa kuwa na uhasama na miujiza, lina utaratibu ambao wahubiri wetu wangefaa kuuiga. Huko Lourdes nchini Ufaransa kuna ofisi ya madaktari tangu mwaka wa 1883. Anayedai kupona huchunguzwa, faili zake za awali zikasomwa, akafuatiliwa kwa miaka. Kati ya madai zaidi ya 7,000, Kanisa lilikuwa limekubali 70 tu kufikia mwaka wa 2018.

Ikiwa wewe au mtu wako ameombewa na anahisi amepona, mshukuru Mungu, kisha nenda ukapimwe ukiwa bado unameza dawa. Kwa kisukari, pima sukari asubuhi kabla ya kula. Kwa shinikizo la damu, usitegemee kichwa kuuma au kutouma, kwani ugonjwa huo hunyamaza mpaka siku ya kiharusi. Anayetumia insulini kwa kisukari cha tangu utotoni akiiacha, siku chache tu zaweza kumfikisha kwenye kuzimia na kufa. Mgonjwa wa kifua kikuu huanza kunenepa na kuacha kukohoa kabla hata miezi miwili kwisha. Akiacha dawa hapo, ugonjwa hurudi na pengine ukiwa sugu kwa dawa zile zile.

Kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi kuna mtego mwingine wa siku hizi. Dawa za sasa zina nguvu kiasi kwamba kipimo cha wingi wa virusi chaweza kuonyesha havionekani kabisa. Wako wanaoichukua karatasi hiyo mpaka madhabahuni kama ushahidi wa uponyaji. Karatasi hiyo yasema dawa zinafanya kazi, na kwamba ukiendelea nazo hutamwambukiza mwenzako kwa kujamiiana. Virusi bado vimejificha mwilini, vinangoja uache.

Na kifafa, ambacho huombewa pengine kuliko ugonjwa mwingine wowote kwa kuwa watu hukidhania pepo: dawa zake zikikatwa ghafla, mgonjwa aweza kushikwa na mfululizo wa kifafa usiokoma, nao huua. Kama pasta amesema dawa ziachwe, mwombe aje nawe kliniki amwambie daktari hivyo mbele yako.